Nusu ya Masharubu

Kinyozi alikubali kuwa mfalme kabla hajauliza nani atamuua. Tusimcheke sana. Ni wangapi kati yetu, tukiambiwa tutakalia kiti cha enzi na kuvaa taji mbele ya mtaa mzima, tutaanza kuuliza maswali madogomadogo?

Mwalimu mstaafu alimfuata hukohuko saluni. Aliketi, akafungwa shuka shingoni, akasema kikundi cha maigizo cha wafanyabiashara wa mtaa kinatafuta mfalme. "Tunataka mtu mwenye heshima zake," alisema huku akimtazama Kinyozi kwenye kioo. Kichwa cha Kinyozi kilivimba palepale. Alimnyoa bure, akampaka na manukato ambayo kwa kawaida huyaweka kwa ajili ya mabwana harusi. Hata kiti cha pili cha saluni, kile kilichokuwa kimefunikwa kwa kitambaa pembeni, Mwalimu alipokiomba ili kiwe kiti cha enzi, Kinyozi alisema chukua tu, hakina kazi.

Siku ya kwanza ya mazoezi ndipo alipopata habari kamili. Mchezo ulikuwa umetungwa na Mwalimu mwenyewe, na ulihusu heshima, hila na kisasi. Mfalme ananyolewa ndevu na mdogo wake wa tumbo moja, ambaye anakitamani kiti. Katikati ya kunyoa, mdogo mtu anamchinja. Binti mfalme anaapa kulipa kisasi, na ikifika mwisho kila mtu wa maana ameshakufa isipokuwa mlinzi wa mlango, kwa sababu Mwalimu alihitaji mtu wa kufunga pazia.

"Sawa," alisema Kinyozi, ambaye kufa mapema hakukumpendeza hata kidogo. "Na huyo mdogo wangu ni nani?"

Mwalimu alikohoa. Nyuma yake, mlangoni, alikuwa amesimama Masharubu.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Masharubu alikuwa mdogo wake Kinyozi kwelikweli, mtoto wa baba mmoja na mama mmoja. Kinyozi ndiye aliyemfundisha kazi, akamshika mkono akamwonyesha namna ya kuivuta ngozi kwa kidole gumba kabla ya kupitisha wembe. Kwa miaka walifanya kazi bega kwa bega, kaka kwenye kiti cha kwanza, mdogo kwenye kiti cha pili. Jina lake la utani lilitokana na yale masharubu yake, meusi, mapana, yaliyochongwa ncha zikatazama juu. Hakuwa na haja ya kibao cha biashara. Uso wake ulikuwa kibao tosha.

Kisha wateja wakaanza kuhama. Walikuwa wakiingia, wanaketi kwenye benchi, Masharubu anapita karibu nao, anainama, ananong'ona kidogo, na mteja akiinuka anakwenda kiti cha pili. Kinyozi hakuona. Aliyemfungua macho ni Fundi Saa wa duka la jirani, mtu mwenye kazi ndogo na muda mwingi, ambaye habari ikimkaa tumboni hadi mchana anaumwa. "Mimi simo, Bwana Kinyozi," alisema, kama wasemavyo wote ambao wamo hadi shingoni. "Lakini mdogo wako anawanong'oneza watu. Mwangalie tu."

Kinyozi alimwangalia, akaona kweli ananong'ona. Asubuhi hiyohiyo, benchi limejaa, alimwambia mbele ya watu wote, "Chukua mkasi wako uondoke. Nilikulea, leo unanila." Masharubu alifungua mdomo. Aliwatazama watu kwenye benchi, akamtazama kaka yake, akaufunga. Alichukua mkasi wake, akatoka, na baada ya muda akafungua saluni yake ng'ambo ya barabara. Mwaka wa pili sasa walikuwa hawajasalimiana. Kinyozi aliuchukulia ule ukimya kuwa ni kukiri kosa, kwa kuwa yeye mwenyewe, angesingiziwa, angepiga kelele hadi bati la nyumba litikisike.

Tangu hapo Kinyozi alikuwa akijinyoa mwenyewe. Si kazi rahisi kama mnavyodhani. Kila asubuhi alitokea na vipande vya karatasi vimeganda mashavuni kuzuia damu, na mkewe akawa anamuuliza kama ni ndevu alizonyoa au alikuwa akipigana na paka. Alilaumu nyembe za siku hizi. Alilaumu taa. Mkono wake wa kulia ulikuwa na tabia yake, ukishika kitu chepesi unachezacheza, na kwa hilo alilaumu baridi. Kukiwa na joto, alilaumu njaa. Wateja wachache waliobaki alisema hawatulii kitini.

Basi ndugu hawa wawili wakaanza mazoezi ya kuigiza ndugu wawili. Wakiwa nje ya jukwaa hawakusemezana hata neno. Wakiwa jukwaani, Masharubu alitakiwa kusema, "Ndugu yangu mpendwa, ndevu zako zimechoka na kazi za ufalme," naye alilisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Kinyozi alijibu, "Ninyoe basi, ndugu yangu mpendwa, kwa maana sina mwingine ninayemwamini," akikunja ndita hadi taji likateleza. Mwalimu alishika kichwa. Maji na povu, alisema, vitatumika siku yenyewe tu, na wembe utakuwa butu kabisa. Kitu kingine kilichomsumbua Mwalimu ni kwamba mfalme hakufa vizuri. Alikuwa akichinjwa, anaendelea kuguna, anainuka, anaguna tena. "Kufa basi, Bwana Kinyozi," alimsihi. "Wenzako wanangoja kufa na wao."

Lakini Kinyozi alikuwa na jambo lake. Kadiri alivyokaa kwenye kiti kile akitazama yale masharubu yakimwinamia, ndivyo wazo lilivyomkaa. Mbele ya mtaa wote mdogo wake alikuwa amemvunjia heshima. Mbele ya mtaa wote atamlipa. Mfalme hatakufa. Wakati msaliti ameinama na brashi ya povu, mfalme atatoa wembe wa kweli, atamshika kidevu, na kwa pigo moja atalifyeka sharubu la kushoto, libaki la kulia peke yake. Kinyozi mwenye nusu ya masharubu atamnyoa nani? Mtaa utacheka hadi afunge virago. Alilipenda wazo hilo mno, hata usingizini akawa anatabasamu, na mkewe akamuuliza asubuhi ni mwanamke gani.

Wembe aliouchagua ulikuwa wa marehemu baba yao, wa kukunja, mpini wa mfupa, makali yake hayana mfano. Aliunoa kwenye ukanda jioni nzima.

"Naomba unishonee mfuko ndani ya joho," alimwambia mkewe, aliyekuwa akigeuza pazia kuukuu la sebuleni kuwa vazi la kifalme.

"Mfalme anataka mfuko wa nini? Anakwenda sokoni?"

"Wa leso."

Mkewe alishona, huku akicheka peke yake. Laiti angejua ni leso ya namna gani.

Siku ikafika. Ukumbi wa mtaa ulijaa pomoni, wengine wamekalia madirisha. Fundi Saa alikuwa mstari wa nyuma, akiwaeleza waliomzunguka yatakayotokea kabla hayajatokea. Pazia lilifunguliwa na Kinyozi akaonekana juu ya kiti cha pili cha saluni yake, kilichofunikwa kwa kitambaa chekundu, taji kichwani, mkono wa kulia ndani ya joho. Watu walipiga makofi, na yeye akasahau kila kitu kwa nukta moja kwa utamu wa makofi yale. Kisha Masharubu akaingia.

"Ndugu yangu mpendwa, ndevu zako zimechoka na kazi za ufalme."

"Ninyoe basi, ndugu yangu mpendwa, kwa maana sina mwingine ninayemwamini."

Masharubu aliweka beseni. Kinyozi alitegemea maji ya bomba, baridi, yanayotosha kwa mchezo. Lakini mdogo wake alitoa chupa ya chai, akamimina maji ya moto, akachovya taulo, akalikamua na kumfunika uso. Hakuna aliyemtuma. Andiko la Mwalimu halikutaja taulo. Joto lilimwingia Kinyozi hadi kwenye taya, na mwili wake, bila kumwomba ruhusa, ukalegea. Kisha brashi ikaanza kuzunguka, polepole, ikipanda shavuni, ikishuka kidevuni, vilevile kama alivyomfundisha. Kidole gumba kikavuta ngozi. Kikasimama.

"Kaka," alinong'ona Masharubu, ameinama kabisa. "Nani amekuchanachana hivi?"

Hilo halikuwemo kwenye mchezo. Ndilo neno la kwanza kumwambia tangu ile asubuhi ya mkasi, na lilimchoma Kinyozi mahali pabaya. Alidhani anadhihakiwa. Hasira ikampanda, joto la taulo likasahaulika. Alichomoa wembe wa baba yao, akaukunjua, na kwa mkono wa kushoto akamkamata mdogo wake kidevu.

Ukumbi ulisema "Aaa!" kwa pamoja.

Wembe ulifika kwenye sharubu la kushoto, ukasimama hapo, ukaanza kuchezacheza. Kinyozi aliuamuru mkono utulie. Haukutulia. Hakukuwa na baridi, na alikuwa amekula vizuri mchana. Aliona makali yakitetemeka juu ya mdomo wa mdogo wake, akaona tone dogo la damu likichomoza, na ndipo alipojua ni nini alichokuwa akikifanya. Kama mkono ungeteleza, lisingekatwa sharubu. Ungekatwa uso wa mtoto wa mama yake. Woga ulimshika ambao hajawahi kuujua. Vidole vikaachia, na wembe ukaanguka sakafuni kwa mlio uliosikika hadi kwenye madirisha.

Masharubu hakuwa ameruka wala kupiga kelele. Aliinama, akauokota, akautazama mpini wa mfupa, akaufahamu. Nyuma ya pazia Mwalimu alikuwa akifunua karatasi zake kama mtu aliyepotelewa na hati ya nyumba. Na watu wakiwa wameshika pumzi, Masharubu aliinua sauti.

"Mfalme wangu! Hata wembe wako umechagua mkono wa kuushika!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Chini ya kelele zile alimsukuma kaka yake taratibu hadi mgongo ukaegemea kiti. "Tulia, Kaka," alinong'ona. "Watu wanaangalia."

Sasa tazama hali ilivyokuwa. Mfalme amelala chali, shingo wazi, povu hadi masikioni, na msaliti ameshika wembe wa kweli ambao mfalme mwenyewe aliuleta na kuunoa. Watu wote ukumbini walijua ni mchezo. Wawili tu ndio walijua si mchezo.

Masharubu akaanza kunyoa. Alinyoa sawasawa, kama anavyonyolewa mteja wa heshima, akizizunguka zile chale za shavuni moja baada ya nyingine bila kuziamsha.

"Ulijua?" alinong'ona Kinyozi kupitia povu. "Kuhusu mkono?"

"Tangu siku ulipomkata Mwalimu sikio. Geuza kidogo."

Kinyozi aligeuza. "Basi ulikuwa ukiwaambia nini watu?"

"Kwamba leo mgongo unakuuma. Kwamba waje kwangu ukapumzike, na wasikwambie, kwa sababu hupendi kuonewa huruma."

"Mgongo wangu mzima kabisa!"

"Najua, Kaka. Usitikisike."

"Ongezeni sauti huku nyuma!" alipiga kelele Fundi Saa. "Hatusikii!"

Kinyozi alimeza mate, na kongomeo likapanda na kushuka chini ya makali. "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

Wembe ulisimama. "Ningekwambiaje?" alisema mdogo wake. "Benchi lilikuwa limejaa watu."

Kinyozi alifumba macho. Aliiona ile asubuhi upya, mdomo uliofunguka na kufungwa, macho yaliyozunguka benchi zima. Mtu alikuwa na neno moja tu la kumsafisha yeye na kumwaibisha kaka yake, akalimeza, akachukua mkasi, akaenda zake na jina la mwizi. Na yeye, mwenye heshima zake, alikuwa ametumia jioni nzima kumnolea wembe. Aliona haya hadi masikio yakamuwaka.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema.

"Nitakusamehe. Sasa inabidi nikuchinje, Mwalimu atazimia."

Masharubu aliugeuza wembe, akaupitisha shingoni kwa ule upande usiokata, polepole, huku watu wakipiga mayowe. Na mfalme yule aliyekuwa hakubali kufa, aliyesihiwa na kubembelezwa mazoezini, safari hii alikufa kikondoo. Hakuguna hata kidogo. Kichwa kilianguka upande, taji likabingirika hadi ukingoni mwa jukwaa. Mwalimu alisema baadaye kwamba katika maisha yake hajaona kifo kizuri namna ile. Kilichoharibu kidogo ni sauti ya Fundi Saa kutoka nyuma.

"Maiti inalia! Tazameni, maiti inalia!"

"Nyamaza," alisema mke wa Kinyozi kutoka mstari wa mbele, bila kugeuka. "Hilo ni povu." Lakini yeye mwenyewe alikuwa amesimama, na alikuwa akilitazama lile povu kwa makini sana.

Mchezo uliendelea. Kisasi kikalipwa, watu wa maana wakafa mmoja mmoja kwa zamu, na mlinzi wa mlango akafunga pazia.

Kesho yake asubuhi ndugu wawili walionekana wakivuka barabara wamebeba kiti, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakigombana ni nani anayekwenda haraka. Walikirudisha mahali pake. Kinyozi alikipangusa kwa kile kitambaa kilichokuwa kikikifunika, akakitupa kitambaa kwenye kapu.

"Jana," alisema, akitazama sakafu, "nilitaka kukukata sharubu moja. Ubaki na nusu. Watu wakucheke."

"Nilihisi," alisema Masharubu, akagusa kidonda kidogo juu ya mdomo.

"Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa na hasira. Ujinga ulikuwa wa kumsikiliza Fundi Saa."

Walicheka. Mkono wa Kinyozi ulikuwa juu ya kiti cha kwanza ukitetemeka, na safari hii hakuilaumu baridi wala njaa. Aliuacha uonekane. Masharubu aliutazama. Kisha akazunguka, akakaa kwenye kiti cha kwanza, kiti cha kaka yake, akajifunga shuka shingoni mwenyewe.

"Masharubu yangu yamerefuka," alisema. "Nipunguzie."

"Usinitanie."

"Sikutanii."

"Kwa mkono huu?"

"Huohuo ulionifundisha."

Kinyozi alichukua mkasi na kitana. Alichukua muda mrefu. Alikuwa akipumzika, anapumua, anaanza tena, na mdogo wake alikaa macho ameyafumba, hakutikisika hata mkasi ulipopita karibu na pua. Kazi ilipokwisha, Kinyozi alirudi nyuma akaitazama, na roho ikamwenda chini. Lile la kulia lilikuwa zuri. La kushoto lilipanda, likapinda, likaishia njiani kama limekumbuka kitu nyumbani.

Masharubu alijitazama kwenye kioo kwa muda. Aligeuza uso kulia, akaugeuza kushoto. Akatoa shuka, akalikung'uta, akatoka nje.

Fundi Saa alikuwa mlangoni pake tayari, shingo imenyooshwa. "Mungu wangu!" alipaza sauti hadi ng'ambo ya barabara. "Nani amekuharibu hivyo?"

Watu waligeuka. Masharubu alisimama katikati ya njia, akaliinua lile sharubu lililopinda kwa kidole ili kila mtu alione.

"Kaka yangu amenichonga," alisema kwa sauti ya jukwaani. "Na hakuna mwingine atakayeyagusa."

Ndani ya saluni, Kinyozi alisikia kila neno. Alishika ufagio akaanza kuzifagia zile nywele fupi nyeusi chini ya kiti cha kwanza, akazifagia mara ya pili sehemu ileile, kwa kuwa machozi hayakumruhusu kuiona sakafu.